Bloku au kitambaa? Ukuta wangu wa Goba baada ya masika

Kiwanja changu Goba kipo mteremkoni. Ukuta wa kwanza, wa tofali za inchi sita, ulilala chini baada ya masika moja tu. Fundi hakuacha hata tundu la kutolea maji. Safari hii nikawatafuta wanaojenga kwa jiogridi, zile neti ngumu za plastiki zinazotandikwa kati ya matabaka ya kifusi. Kimo cha ukuta huu mpya ni mita 2.4. Neti zimeingia ndani mita 1.7, moja kila sentimita 60.

Fundi akaniuliza, "Mama, usoni tuweke nini?" Nikadhani anaongelea urembo. Kwa kubana hela nikasema upande wa barabara, mita 13, ziwe bloku za zege za kupanga bila saruji katikati. Huko nyuma kwenye banda la kuku, mita tano, wakunje tu jiotekstaili, kile kitambaa cha plastiki cha kuzuia udongo, kama sambusa. Udongo ule ule, neti zile zile, mvua ile ile.

Masika yalipoisha nikavuta uzi. Bloku zimesogea unene wa kidole, tena mistari mitatu ya chini tu. Kitambaa kimeota kitambi! Katikati kimeuvuka uzi kwa upana wa kiganja.

Mpwa wangu anayesomea ujenzi ndiye aliyenifumbua macho. Kitambaa ni laini, ukishindilia kwa nguvu karibu na ukingo kinatoka nje, basi udongo wa mbele unabaki mlegevu na neti zinabidi zivutike kwanza ndipo zishike. Bloku ni nzito na zimekaa juu ya msingi, kwa hiyo mguu wa ukuta nao unabeba sehemu ya msukumo. Neti yenyewe imebanwa kati ya bloku na bloku kwa uzito wa zilizo juu. Kumbe uso nao ni mfanyakazi, na mimi nilikuwa nachagua rangi.

Ile mistari mitatu ya chini ina kesi yake. Siku ya kwanza dereva wa rola alipita nusu mita tu kutoka kwenye bloku, nikaziona kwa macho yangu zikisukumwa. Mita ya mwisho karibu na bloku hushindiliwa kwa kompakta ndogo ya kusukuma kwa mkono. Nilipopiga kelele wakabadilisha, na kuanzia mstari wa nne ukuta umenyooka kama rula. Kokoto za sentimita 30 nyuma ya bloku zinafanya kazi: mvua ikinyesha, bomba la chini linatoa maji, tena si ya tope.

Bloku nazipa nyota tano, ushindiliaji wa siku ya kwanza mbili. Kitambaa tatu, kwa sharti la kukifunika, maana jua linakila na kuku wanakidonoa. Mpwa anasema Wajapani kwenye kuta za reli huanza na uso laini wa mifuko ya kokoto, wanauacha udongo utulie, ndipo wanamwaga zege mbele. Ukuta wa namna hiyo ulibaki umesimama katika mji wa Kobe kwenye tetemeko la 1995. Napima kitambi changu kila Jumamosi. Wiki sita sasa hakijaongezeka, nimeshaagiza nondo.