Kibodi ya mtumba kutoka Ujerumani: imara, ila chunga Y na Z

Kazi yangu ni kuchapa steshenari: barua za maombi, wasifu, risala za harusi, na mitihani ya shule ikifika msimu wake. Kibodi mpya za bei rahisi hazikai kwangu. A hufutika kabla ya herufi zote, na Kiswahili bila A hakiendi. Hii niliichukua Kariakoo: ya waya, nzito, yenye tarakimu pembeni.

Kwa kuchapa, sina neno. Vitufe vina kina, ukibonyeza unajua umebonyeza, na haitelezi mezani. Vinundu vya F na J bado vinashikika. Kuingiza alama za wanafunzi kwenye Excel ni raha tupu: macho kwenye karatasi, mkono wa kulia unajiendea wenyewe.

Shughuli iko kwenye mpangilio. Wajerumani wameiweka Z juu, palipo na Y yetu, na Y wakaishusha chini kushoto. Windows yangu ni ya mpangilio wa Kimarekani, kwa hiyo mimi nisiyeangalia vitufe sioni tofauti. Mwenzangu anayetafuta herufi kwa macho anabonyeza palipoandikwa Y, inatoka Z. "Nyumba ya shangazi" inakuwa "nzumba za shangayi". Hiyo nzumba utaiona haraka. Ila "za" ni neno halali, kikagua tahajia hakishtuki, na mteja keshalipa kaondoka.

Alama zilizochorwa juu ya tarakimu nazo usiziamini. @ Ipo kwenye 2 kama kawaida, hata kama imechorwa kwenye Q. Shifti ya kushoto ni fupi, na kitufe kilichobanwa kando yake kinatoa \ pale ulipotaka herufi kubwa. Kidole huzoea. Ctrl kuitwa Strg na Delete kuitwa Entf hakunisumbui.

Muuzaji akitaka kukuwekea "US International" eti ndiyo ya kimataifa, kataa. Humo ritifaa husubiri herufi inayofuata: unaandika ng'ombe, unapata ngómbe, labda ubonyeze spesi kwanza. Chagua "US" ya kawaida. Kama kompyuta ina mipangilio miwili, kitufe cha Windows pamoja na spesi hubadilisha. Wateja hugusa bila kujua, halafu wanasema kibodi mbovu.

Anayechapa kwa kuangalia abandike stika, angalau kwenye Y na Z. Mwenzangu kazikataa, anataka tununue nyingine. Basi anunue yeye; hii inabaki mezani kwangu.