TAHADHARI: Muuza maandalio ya somo anayeomba ruhusa kwenye akaunti ya shule

Walimu na wazazi wa Dar, hasa mlio kwenye magrupu ya WhatsApp ya shule za Ubungo, Kimara na Tabata: kuna mtu anapita akiuza maandalio ya somo na maazimio ya kazi "ya mtaala mpya" kwa shilingi 10,000 kwa muhula. Ukishalipa anakutumia linki. Linki inakutaka uingie kwa akaunti ya shule, kisha inakuja skrini ya Google yenye orodha ya ruhusa ambazo programu yake inaziomba. Usiruhusu. Na kama ulisharuhusu, shuka moja kwa moja hadi nilipoeleza namna ya kuiondoa, haya mengine utayasoma baadaye.

Programu yake siitaji jina kwa sababu analibadilisha pamoja na nembo kila anapofukuzwa kwenye grupu. Mtambue kwa anachokiomba.

Mimi ndiye ninayeshika akaunti za Google katika shule moja ya binafsi hapa mjini. Mwalimu mwenzetu alinunua, na simlaumu. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, vipindi ni vingi, mwalimu wa taaluma anataka andalio mezani Jumatatu asubuhi, halafu anatokea mtu na kitu kilichokamilika kwa bei ya chipsi kuku. Tena maandalio alipewa kweli, ndiyo maana hakushtuka. (Ubora wake ni habari nyingine. Mengine yalikuwa ya mtaala wa zamani, yamebadilishwa kichwa tu.)

Haukupita muda, wazazi wa darasa lake wakaanza kupokea barua pepe kutoka kwake: namba ya kulipia ada imebadilika, tafadhali tumieni hii mpya. Anwani ni yake halisi. Salamu ni ile ile anayoitumia siku zote. Aliyetushtua ni mama mmoja wa Kimara ambaye, kabla hajaweka namba ya siri, aliona jina lililotokea kwenye simu ni la mtu binafsi. Akampigia mhasibu: "Samahani dada, mbona ada naambiwa nimtumie mtu badala ya shule?" Hapo ndipo tukajua. Lakini wapo waliokuwa wameshatuma, na hao waliingizwa mjini kupitia jina la mwalimu wanayemwamini.

Kilichowachanganya wengi ni kwamba nywila ya mwalimu haikuibwa. Uthibitishaji wa hatua mbili ulikuwa umewashwa na uliendelea kufanya kazi yake. Ukikubali ile orodha ya ruhusa, Google huipa programu kibali chake yenyewe cha kuingia, na kuanzia hapo haihitaji nywila yako wala namba inayotumwa kwenye simu yako. Ndiyo maana kubadili nywila peke yake hakutoshi. Ruhusa ya kusoma faili zako za Drive (ghala la faili la Google), kwa mfano, hubaki pale pale hata ubadilishe nywila kila asubuhi.

Na mchezo huu si wa jana. Mei 2017 ilizuka programu ya uongo iliyojiita Google Docs. Iliomba kusoma na kutuma barua pepe na kuona anwani za watu unaowasiliana nao, kisha ikajituma yenyewe kwa watu hao. Google waliizima ndani ya takribani saa moja. Huyu wetu hana haraka kiasi hicho, anakaa kimya kwanza, anasoma, anajifunza unavyoandika.

Sasa, ile skrini. Wengi tunaipita kama tunavyopita masharti ya mkopo wa simu, na yeye anategemea hivyo. Programu inayotaka kukutambua tu itaomba jina, picha na anwani yako ya barua pepe. Hiyo ni kawaida. Ya kukuandalia faili inaweza kuomba kugusa zile faili tu unazozitumia ndani yake, na hilo pia linaeleweka. Lakini ukiona inataka kuona, kuhariri na kufuta faili ZOTE za Drive, au kusoma, kutuma na kufuta kabisa barua pepe zako, au kuona orodha ya wanafunzi wa Classroom (darasa la mtandaoni la Google), jiulize andalio la Kiswahili kidato cha kwanza linahitaji hayo kwa lipi. Kwenye Drive ya mwalimu kuna alama, majina ya wanafunzi, namba za wazazi, pengine na taarifa za afya za mtoto. Na kama Google yenyewe imekuwekea onyo kwamba programu haijathibitishwa, halafu muuzaji anakuelekeza kwa sauti ya WhatsApp namna ya kulipita onyo hilo, huyo ni tapeli, hakuna mjadala.

Kuondoa: fungua myaccount.google.com ukiwa kwenye akaunti ya shule, nenda sehemu ya Usalama, tafuta programu na huduma za nje zilizounganishwa na akaunti yako. Gonga programu ya huyo muuzaji, ondoa ruhusa zake zote. Ndipo ubadilishe nywila. Kisha fungua mipangilio ya Gmail uangalie vichujio na usambazaji wa barua, usikute nakala zinatumwa kwingine. Mwambie msimamizi wa akaunti siku hiyo hiyo, usione aibu, maana yeye anaweza kuizuia kwa shule nzima.

Wasimamizi wenzangu, hapa kazi ni yetu. Kwenye ukurasa wa usimamizi, upande wa usalama, kuna vidhibiti vya API (njia ambayo programu za nje hutumia kufikia akaunti) vinavyoonyesha programu gani zimepewa ruhusa na nani. Zuia zote ambazo hamjazikagua, kisha fungulieni moja moja mnazozitumia. Tangu 2023 Google inamzuia mwanafunzi wa chini ya miaka 18 kutumia programu ya nje ambayo msimamizi hajaiamulia, ila ulinzi huo haufanyi kazi ikiwa mmewaandika wanafunzi wote kuwa watu wazima ili kupunguza usumbufu. Kagueni hilo leo.

Kwa mzazi aliyetuma pesa: piga huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja, kisha nenda polisi upate RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yako). Namba ya tapeli itume kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Shule nayo ikumbuke kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, na Tume yake ipo. Taarifa za watoto zikivuja, kunyamaza ili kulinda jina la shule si njia.

Jambo la mwisho, kwa waliokwisha kumbana wakidai pesa yao: anawajibu kwa upole kwamba atawarudishia, ila "mfumo" unahitaji waingie tena kwa akaunti ya shule wathibitishe malipo. Linki ni mpya, ruhusa ni zile zile. Msiingie. Hiyo elfu kumi hesabuni imeshaliwa.