Sefu la Kale: Kusafisha au Kupaka Rangi Upya?
Ukikwangua rangi ya zamani, sefu litang'aa kama jipya. Lakini maandishi ya dhahabu mlangoni yatapotea, na mara nyingi hayo ndiyo yanayomtaja mtengenezaji. Tena rangi hiyo huenda ina madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni sumu, kwa hiyo usiikwangue ikiwa kavu.

Kusafisha kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo huchosha mkono, ila ndiyo njia ninayoichagua. Uchafu ukitoka, kwenye kibati cha shaba kinachofunika tundu la ufunguo huweza kujitokeza jina, mathalani Chubb wa Uingereza, waliopata hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya kufuli lao mwaka 1818. Namba iliyogongwa hapo usiiguse kwa msasa. Husaidia kukadiria umri. Msasa uachie sehemu zilizoliwa na kutu.