Mahakama ya Kadhi Kenya kwa mirathi: fungu ni la Mungu, mhuri ni wa Serikali

Anayefungua kesi ya mirathi kwa kadhi huwa na swali moja tu kichwani: nani atapata nini. Lakini kabla ya kulipia ada ni vyema ajue haki anayoidai inasimama juu ya nini, maana hapo ndipo huduma hii inapofaulu na ndipo inapogonga mwamba.

Katiba ya 2010 haijibu swali hilo kwa neno moja. Utangulizi wake unakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 19 kinasema haki za msingi ni za kila mtu na hazikutolewa na Serikali, bila kutaja aliyezitoa. Kisha kifungu cha 170 kinampa kadhi mambo manne: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa masharti mawili: wahusika wote wawe Waislamu, na wote wakubali kuhukumiwa hapo. Mrithi mmoja akisema "sikubali", pingamizi la mamlaka huja kabla hata mali haijatajwa.

Wengi hudhani dawa ni kuhamia Mahakama Kuu ili binti apate sawa na kaka yake. Haiwi hivyo. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 2(3), inawatoa Waislamu katika mgao wake, kwa hiyo jaji wa Mahakama Kuu naye atafuata faraidhi, yaani mgao wa mirathi wa Kiislamu. Kilichobadilika ni jengo na ada ya wakili.

Kwenye hesabu, huduma hii haina mpinzani. Kwanza hulipwa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, ndipo mirathi. Tuseme zimebaki shilingi 2,400,000, na marehemu ameacha mke, mama, wana wawili na binti mmoja. Mke hupata thumni (sehemu ya nane), 300,000. Mama hupata sudusi (sehemu ya sita), 400,000. Zinazobaki 1,700,000 hukatwa mafungu matano: kila mwana 680,000, binti 340,000. Chini ya Sura ya 160, familia kama hii isiyo ya Kiislamu ingegawana vingine: mke angepata vyombo vya nyumbani na matumizi ya mali iliyobaki katika uhai wake, watoto wangerithi sawasawa, na mama asingepata fungu la moja kwa moja, angelazimika kuomba kama mtegemezi. Anayesema sheria ya binadamu daima huwatazama wanawake vizuri zaidi na ampigie hesabu mama huyo. Anayesema kinyume na ampigie binti.

Lakini hata hesabu ya Mungu imepita mikononi mwa watu. Mwanamke akifa bila mtoto wala mzazi, akaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, mume ana nusu na dada wana theluthi mbili. Jumla inazidi mali yenyewe! Ufumbuzi, uitwao awli, ni kupunguza mafungu yote kwa uwiano; uliwekwa wakati wa Khalifa Umar, na sahaba Ibn Abbas hakuukubali. Mali hukatwa saba: kwa 2,100,000, mume huchukua 900,000 na kila dada 600,000. Bunge la Kenya nalo limetia mkono. Sheria ya Mahakama za Kadhi, Sura ya 11, inafuata kanuni za ushahidi za Kiislamu, ila inaagiza mashahidi wote wasikilizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na jambo liamuliwe kwa uzito wa ushahidi, si kwa idadi ya mashahidi.

Mgongano mkubwa ni ule wa Juni 2025. Kifungu cha 24(4) cha Katiba kinaruhusu haki ya usawa ipunguzwe mbele ya kadhi, ila kwa kiasi kinacholazimu tu. Mahakama ya Juu ilikifasiri kwa ufinyu na kushikilia uamuzi wa Mahakama ya Rufaa: watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wake kwa sababu hiyo. Fikihi ya Kisuni inasema mtoto huyo hurithi kwa mama tu. Familia yenye watoto kama hao isitegemee mgao wa kimyakimya. Hukumu iliyowaacha nje ina nafasi kubwa ya kuvunjwa kwenye rufaa. Mzazi aliye hai ana njia safi zaidi: hiba, yaani zawadi, iliyokabidhiwa kweli angali hai, au wasia ndani ya theluthi. Njia hizo hizo humfaa jamaa asiye Mwislamu, ambaye faraidhi haimpi kitu.

Kwa familia ya Kiislamu iliyokubaliana, tunaipa nyota nne kati ya tano. Kwa ndoa za mchanganyiko au watoto wanaobishaniwa, mbili.

Nyota moja imepotea kwenye makaratasi. Beba cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, vitambulisho, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, hatimiliki pamoja na matokeo mapya ya upekuzi wa ardhi, na taarifa za benki. Mali aliyonunua mjane kwa pesa zake itengwe kabla ya kugawa. Marehemu akiwa Mohamed kwenye kitambulisho na Muhammad kwenye hatimiliki, tayarisha hati ya kiapo mapema. Hakikisha amri inataja nambari ya kiwanja na sehemu ya kila mrithi. Amri inayosema "nyumba ya Majengo" msajili wa ardhi hana la kuifanyia. Na kwa nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi Mombasa, kinachorithiwa ni nyumba peke yake: peleka mkataba wa ununuzi na risiti za kodi ya kiwanja, na usikiorodheshe kiwanja cha mtu mwingine kama mali ya marehemu.