Taarifa ya jioni ya redio moja ya Kigoma: nyota mbili

Kwa bei ya dagaa Kibirizi na safari za boti, taarifa hii inaaminika. Ikifika kwa mke aliyeuawa, inaharibika.

Kichwa huwa "Wivu wa mapenzi wamponza". Wamponza nani? Marehemu! Muuaji ametoweka kwenye sentensi. Tena huo wivu mara nyingi ni maelezo ya mtuhumiwa mwenyewe kituoni, yakapita kwa kamanda, yakasomwa hewani kama ukweli. Aliyekufa hana wa kumjibia. Kurekebisha si kazi: "Mwanamke auawa kwa panga, mume ashikiliwa", na sababu ya mauaji itanguliwe na "polisi wanasema". Mume naye abaki mtuhumiwa hadi hukumu.

Jirani akisema "walizoea kugombana", mtangazaji anashukuru na kuaga. Hapo ndipo pa kuuliza: marehemu aliwahi kufika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi? Alipewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali? Nani alimrudisha nyumbani wakayamalize kifamilia? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza mwenzi kumpiga mwenzake, lakini kwa redio hii kipigo bado ni "ugomvi wa kifamilia".

Majina ya watoto wa marehemu hawayataji, vizuri, ila wanataja kitongoji na jina la baba, kwa hiyo shule nzima inawajua kesho yake. Namba 116 ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto inasomwa mbiombio, muziki wa tangazo umeshaanza.

Kesi ikifika Mahakama Kuu, hawana mwandishi pale.