Uzoefu wangu na Corolla ya 1998 mjini Goma: ugonjwa ulikuwa kwenye maji

Ninaendesha Toyota Corolla ya mwaka 1998 hapa Goma tangu 2016, na kwa miaka mitatu ya kwanza nililaumu injini kwa kosa lililotokana na maji tuliyokuwa tukiimiminia. Ninawaandikia hasa wenye magari ya rika hilo katika mji wetu. Ushauri mwingi niliowahi kupewa kuhusu Corolla ulitoka kwa watu wanaoiendesha kwenye lami ya pwani, ilhali sisi tunaishi karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, juu ya mawe ya volkano, kando ya ziwa lenye maji yasiyofanana na ya maziwa mengine.

Gari langu lilitoka Japani likapitia Mombasa na Uganda, na usukani wake uko kulia kama ilivyo kwa magari mengi ya hapa, ingawa sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Injini yake ni ile ya 5A-FE, yenye lita moja na nusu na silinda nne. Nilipolinunua lilikuwa limeshatembea kilomita 187,000, na kwa kuwa muuzaji hakuweza kuniambia mkanda wa taiming, ule unaozungusha vali kwa mpangilio na pistoni, ulibadilishwa lini, niliuweka mpya kabla ya jambo lingine lolote. Mkanda ukikatika katika injini hii, pistoni hazigongani na vali kama inavyotokea katika injini nyingi, lakini gari husimama palepale, na zipo barabara katika mkoa wetu ambako mama mwenye watoto hapaswi kusimama.

Shida yenyewe ilijitokeza Novemba 2019, nikipanda kuelekea Kibumba nikiwa na abiria watatu na magunia mawili ya maharage. Mshale wa joto ulipanda hadi karibu na alama nyekundu, mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti, na ikabidi tusubiri zaidi ya saa nzima kabla ya kurudi polepole. Gereji ya kwanza niliyoiendea iliondoa termostati, yaani vali inayozuia maji ya kupoza hadi injini ipate joto, na kuitupa, ikaniambia kwamba magari ya zamani hayahitaji kitu hicho milimani. Kwa wiki chache nilidhani nimepona. Ukweli ni kwamba bila termostati, ambayo katika injini hii hufunguka kwenye digrii 82 hivi, injini haikuwa ikifikia joto lake la kazi katika safari fupi za mjini, kompyuta ikaendelea kuipa petroli nyingi kama injini iliyowashwa sasa hivi, na matumizi ya mafuta yakapanda kiasi cha kuonekana kila wiki. Mlimani nako, gari likaendelea kuchemka.

Aliyelitibu ni fundi mmoja mzee wa Ndosho, mtaa wa hapa Goma, ambaye hana kibao wala ofisi, bali uzio wa mabati na mashimo mawili ya kuingilia chini ya magari. Kabla ya kugusa spana yoyote alifungua kifuniko cha radiatere (rejeta, inayopoza maji ya injini), akapitisha kidole ndani ya shingo yake, akanionyesha unga mweupe mgumu uliojishika pale.

«Mama, maji ya radiatere unayachota wapi?»

«Mzee, kijana wa nyumbani huyachota ziwani.»

«Basi ni ziwa ndilo linakula gari yako. Hata sufuria ya chai inakuonyesha.»

Alisema kweli. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi na madini mengi yaliyoyeyuka, na yanapochemshwa huacha ukoko uleule ambao kila mama wa Goma ameshaukwangua kwenye birika. Ndani ya radiatere ukoko huo huziba mirija myembamba, hewa ikapita nje bila kuchukua joto. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa miaka mitatu, kila Jumamosi, nikiamini kwamba ninalitunza gari.

Jambo la pili alilonifundisha ni kifuniko chenyewe, ambacho mimi nilikiona kama kizibo cha chupa. Kwenye mwinuko wetu maji ya wazi huchemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Kifuniko kizima chenye alama ya 0.9, yaani kipimo cha shinikizo katika bar, huongeza shinikizo ndani ya mfumo, na hapo maji hayachemki hadi yapite digrii 110. Springi ya kifuniko changu ilikuwa imelegea kabisa, kwa hiyo injini yangu ilikuwa na nafasi ndogo sana kati ya joto la kawaida la kazi na kuchemka. Kifuniko kipya kilinigharimu dola 5. Radiatere ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, iliyotolewa kwenye gari la Japani ilikuwa dola 60, termostati dola 12, na kazi ya siku mbili, pamoja na kuisafisha injini kwa ndani na kupima kama juwani ya kilasi (gasketi ya kichwa cha injini) imepona, dola 40. Ilikuwa imepona, na kwa hilo ninamshukuru Mungu, kwa sababu gharama ya juwani ingenilazimisha kuuza gari.

Tangu siku hiyo ninatumia kulanti, dawa ya kupoza injini, iliyochanganywa na maji ya batri yasiyo na madini, nusu kwa nusu, na kuibadilisha kila baada ya miaka miwili. Wapo wanaonishauri maji ya mvua, kwa kuwa hayana chumvi. Hayaachi ukoko, ni kweli, lakini mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji, huwa na asidi, na anayeishi upande unakoelekea moshi anajua jinsi mabati yanavyooza upesi. Radiatere ni alumini. Sitaki kuijaribia.

Nilielewa thamani ya dola hizo 117 tarehe 27 Mei 2021. Siku tano zilikuwa zimepita tangu Nyiragongo ilipuke, ardhi ilikuwa ikitetemeka mchana na usiku, na asubuhi hiyo serikali ya mkoa ilitangaza kwamba mitaa kumi ya mji ihamishwe, na Majengo, ninakoishi, ulikuwa mmoja wao. Tuliingia watu saba katika gari la watu watano, na magodoro juu, tukaelekea Sake, mji mdogo ulio magharibi mwa Goma, pamoja na mji wote. Kwa masaa mengi tulitembea mwendo wa mtu mzee, tukisimama kila hatua chache, na hakuna kinachochemsha injini kama foleni ya namna hiyo, kwa kuwa hewa haiingii mbele na kazi yote inabaki kwa feni. Pembeni mwa barabara niliona magari yaliyofunguliwa boneti, na familia zikishusha mizigo kuendelea kwa miguu, watoto mgongoni. Nilikuwa nikiutazama mshale wa joto kuliko nilivyotazama barabara. Ulibaki katikati, na kila feni ilipowaka nilisikia sauti yake nikapumua. Tulifika Sake gizani bila kuongeza tone.

Kuhusu sehemu nyingine za gari sina mengi. Mawe ya volkano yanaharibu rotile (viungo vya magurudumu), sileblok (bushi za mpira) na amortisere (shokapu), na hakuna fundi wa kuzuia hilo. Mimi huzikagua kila baada ya miezi minne na kuzihesabu pamoja na mafuta na matairi. Nimejifunza tu kutonunua rotile mpya za bei ndogo zilizopakwa rangi ya kung'aa, maana mbili nilizofunga mwaka 2018 hazikumaliza hata miezi mitano, wakati ile ya okazioni kutoka Japani ilivumilia karibu miaka miwili. Ukinunua okazioni, ishike mkononi na uizungushe: ikizunguka kwa ulegevu, au mpira wake ukiwa umepasuka, iache hata kama muuzaji anapunguza bei. Filta ya hewa huipuliza kila wiki wakati wa vumbi, na petroli ya makadhafi, wauzaji wa barabarani, siinunui tena, kwa sababu filta ya mafuta iliwahi kujaa maji na mchanga kwa sababu yake.

Kwa bei niliyoinunulia na kazi inayonifanyia, sijaona gari dogo ambalo ningebadilishana nayo. Kijana wa nyumbani bado huchota maji ziwani kila Jumamosi, ila sasa ni ya kuosha gari kwa nje, na dumu la kulanti ninalifungia kabatini pamoja na dawa za watoto.