Tuisheni ya imunolojia Upanga: ticha moto, feni mbovu

Naleta mrejesho wa tuisheni ya jioni niliyosoma pale Upanga wiki tatu zilizopita. Jina la kituo silitaji maana nina malalamiko yangu na sitaki kesi na mtu.

Mi nilienda kwa sababu ya sapu. Imunolojia, somo la kinga ya mwili, ilinikamata, nilikuwa nimekariri seli zote kama vituo vya mwendokasi, Kimara mpaka Kivukoni bila kukosea, ila ukiniuliza nani anampa nani taarifa nabaki natoa macho. Bumu lilikuwa halijatoka, wao wanachaji buku tano kwa kipindi, vipindi sita, nikapiga hesabu nikaona potelea mbali elfu thelathini kuliko kudisko.

Siku ya kwanza ticha kaingia na yai. Sio picha ya yai, yai lenyewe la kisasa, kaliweka mezani akasema humu ndani tutaongelea hili yai na panya mmoja mweusi, basi. Nikajisemea hapa nimeliwa hela. Jamaa nyuma yangu akauliza kama ni panya road, darasa likacheka, ticha hata hakucheka akaendelea tu (na sio panya buku wale wa Morogoro wanaonusa mabomu na TB, ni vile vidogo vya maabara, ukoo unaitwa C57BL/6, vyeusi tii, vimezalishwa ndugu kwa ndugu mpaka vinafanana kama mapacha).

Kumbe yai lina maana yake bana. Ule ute mweupe una protini inaitwa ovalbumini, sisi tunaila kwenye zege kila siku na wengi wetu haitufanyi kitu, inasagwa tumboni inaisha, lakini ukiichanganya na chumvi ya alumini, ukoo mmoja na ile shabu ya kinyozi, ukamchoma panya chini ya ngozi, mwili wake unaipokea kama mvamizi. Ndo maana maabara za dunia nzima zimeifanya antijeni ya mazoezi, yaani kitu cha kuamshia kinga, bei rahisi na inajulikana nje ndani.

Alafu akaanza kuifuatilia kama mtu anatangaza mpira. Seli za dendritiki zilizokaa kwenye ngozi zinaimeza, zinaikatakata, zinabeba vipande mpaka kwenye tezi la limfu la karibu, tezi linavimba, na hapo nikakumbuka ule mtoki uliokuwa unanitoka utotoni nikijikata mguu, kumbe sio ugonjwa peke yake, ni kikao kinaendelea mle ndani. Sasa kwenye tezi seli T, wale askari wa kinga, zinapita zinakagua vipande, kila moja na kipokezi chake, na sehemu ambayo seli T za kuua zinaipenda zaidi ni kipande cha asidi amino (matofali ya protini) nane tu, kutoka namba 257 hadi 264, kwenye protini yenye asidi amino zaidi ya 380! Na kwenye panya ambaye hajawahi kukutana nacho, seli zinazoweza kukitambua ni makumi au mamia machache, kati ya makumi ya mamilioni. Yaani ni kama unatafuta mtu Kariakoo siku ya sikukuu na simu yake haipatikani. Zikishampata mtu wao ndo zinaanza kuzaana mara mbili au tatu kwa siku.

Kipindi cha pili alitumia chapati, na hapa ndo nampa maua yake. Kuna ile grafu yenye vilima vilima ambayo chuoni tulipewa kwenye slaidi moja ikapita kama ambulensi. Ticha akasema seli T unazipaka rangi ndani, ikigawanyika mbili kila mtoto anapata nusu ya rangi, wajukuu robo, vitukuu nusu ya robo, akawa anakata chapati mbele yetu mpaka vipande vikawa kama vya kumpa kuku. Mashine inasoma rangi imefifia kiasi gani, kila kilima ni kizazi kimoja. Dakika kumi nimeelewa kitu kilichonitesa semista nzima. Na baada ya kama wiki hivi jeshi linafika kileleni, alafu zaidi ya asilimia 90 zinakufa, zinabaki chache za kumbukumbu ambazo siku yai likirudi haziulizi maswali.

Historia aliipitia haraka haraka ila vizuri. Jacques Miller mwaka 1961 London anatoa thaimasi, tezi ya kifuani ambako seli T zinakomaa, kwenye vitoto vya panya, vikikua havikatai ngozi ya mgeni ikipandikizwa. Zinkernagel na Doherty Canberra, 1974, seli za kuua za panya mwenye virusi zinaua tu seli iliyoathirika yenye alama za ukoo wake, ya ukoo mwingine zinaipita hata kama imejaa virusi vile vile, na hiyo ikawapa Nobel 1996. Alafu kipindi cha nne akaja na kipimo cha mimba cha duka la dawa na kipimo cha malaria kile cha haraka, akauliza kuna panya gani humu. Kimya. Kumbe vipimo hivi kwa kawaida vinatumia kingamwili, zile protini za kinga zinazonasa mvamizi, zilizoanzia kwenye seli za wengu wa panya, njia ya Köhler na Milstein ya 1975, unachukua seli B, ile inayotengeneza kingamwili, ya panya aliyechomwa antijeni unaiunganisha na seli ya saratani isiyokufa, inakutengenezea kingamwili ya aina moja bila kuchoka. Akamalizia kwamba mtu akichomwa kingamwili ya panya kama dawa mwili wake nao unaweza kuikataa, maana panya naye kwetu ni mgeni. Darasa zima tukaguna.

Sasa malalamiko. Kwanza muda, wanaandika saa kumi na mbili jioni, ticha anaingia saa moja kasoro, msimamizi ukimuuliza anasema foleni, foleni gani kila siku na mtu anakaa hapo hapo Upanga? Feni ni moja, inazunguka kwa huruma, mwezi huu wa joto watu thelathini na kitu chumbani tunanuka kama daladala ya Mbagala. Notsi ni fotokopi ya fotokopi, michoro yote imekuwa masizi, nimeenda kuchora upya mwenyewe. Na hela unalipa zote kwanza, nilikosa kipindi kimoja kwa homa nikaambiwa dada hatufidii.

Kilichoniuma zaidi ni kipindi cha tano, seli T za kutuliza kinga isizidi, zile zilizowapa Nobel ya 2025 Sakaguchi, Brunkow na Ramsdell, ticha ndo kwanza anaanza kueleza wale panya wenye hitilafu ya jeni la Foxp3 ambao kinga yao inawageuka wenyewe, LUKU ikaisha. Imeisha kabisa, msimamizi simu haina salio, tumekaa gizani robo saa tukaambiwa tutamalizia. Hatukumalizia.

Kimasomo pia ana kasoro, anampenda panya kupita kiasi. Zile alama za ukoo kwenye seli anaziita H-2 muda wote, ambayo ni ya panya, wakati mtihani unauliza HLA, ambazo ni za binadamu, ukiwa mzembe unachanganya. Kipindi cha mwisho ilibidi nimuulize mwenyewe kama hao panya wanatuwakilisha kweli, akakubali kwamba wa maabara wanaishi usafi uliopitiliza mpaka kinga yao inafanana na ya kichanga, na utafiti wa 2016 wa Marekani uliwachanganya na panya wa duka la wanyama wa kufuga, wachafu wachafu, kinga ikabadilika ikakaribia ya mtu mzima. Hilo lilitakiwa kipindi kizima, tukalipata mlangoni tukiwa tumeshabeba mabegi.

Mi nampa ticha tisa kwa kumi, kituo nne. Sapu nimefanya Jumatatu, swali la vilima lilikuwepo na nimelichora hadi kizazi cha sita. Ukienda shuka kituo cha Fire, beba maji na kalamu yako, wahi kiti cha dirishani, na kabla hujatoa hela waulize kama LUKU ipo.